Dondoo muhimu: Ukilala kando ya barabara ya Dodoma, Kihesa, Iringa

Malori hayana saa ya kulala, na bodaboda iliyotobolewa ekzosi ni balaa zaidi. Hata usipoamka, mwili unasikia: mapigo ya moyo hupanda, na kwa miaka mingi presha nayo hufuata. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliishauri Ulaya kwamba kelele za magari usiku zisizidi desibeli 45.

Hamisha kitanda kwanza. Ni bure. Chumba cha mbele kiwe sebule au stoo. Watoto walale na kusomea nyuma.

Ziba matundu. Ukuta wa tofali za kuchoma unazuia kelele vizuri. Kelele zinapenya dirishani, chini ya mlango na kwenye mwanya kati ya ukuta na bati. Weka dari, funga mpira kwenye fremu, tundika pazia zito (hilo la mwisho husaidia kidogo tu, usidanganywe na muuzaji). Lakini angalia: baridi ya Juni na Julai ikikufanya uingize jiko la mkaa ndani, nyumba iliyozibwa hivyo inaua. Jiko libaki nje.

Uzio unafaa ukiwa mzito na mrefu kiasi cha kuficha magari usiyaone. Mstari mmoja wa michongoma ni pambo.

Unanunua kiwanja? Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Sogea zaidi ya hapo. Umbali ukiongezeka maradufu, kelele hupungua kama desibeli 3.