Mlinzi wa Moto katika Chombo cha Gesi

Wasomaji wetu wengi wameona chombo cha kupashia maji moto kwa gesi. Ndani yake moto huwaka na kuzimika pasipo mtu kuugusa. Twapenda kueleza jinsi ilivyo, maana akijuaye chombo hiki hatakichezea.

Kwanza yupo mpimaji wa joto. Katika vyombo vingi vyenye tangi, bomba jembamba la shaba nyekundu hutumbukizwa majini, na ndani yake mna fimbo ya madini iitwayo invari, ambayo joto haliirefushi ila kidogo sana. Maji yakipata moto, bomba hurefuka na kuivuta fimbo, ndipo gesi hufungwa. Yakipoa, bomba hufupika na gesi hufunguliwa tena.

Pili yupo mlinzi wa moto. Moto mdogo huwaka daima ili kuuwasha ule mkubwa. Kama ungezimwa na upepo pasipo mlinzi, gesi ingezidi kutoka. Na gesi ya mitungi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni ikingojea cheche moja tu.

Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mtaalamu wa Kijerumani, aliunganisha madini ya namna mbili, akapasha moto kiungo kimoja, akaona sindano ya dira ikigeuka. Baadaye ilijulikana ya kuwa ni umeme. Basi kiungo cha namna hiyo huwekwa penye moto mdogo. Umeme wake ni haba, kama sehemu 20 hadi 30 katika elfu za volti moja, lakini watosha kuipa nguvu sumaku ikishikilie wazi kilango cha gesi. Moto ukizimika, kiungo hupoa, sumaku huachia, na springi hukifunga kilango.

Sumaku hiyo haiwezi kukivuta kilango, ila kukishika tu kikiisha kufunguliwa. Ndiyo sababu mwenye kuwasha hubonyeza kitufe kwa muda wa nusu dakika hivi, hata kiungo kipate moto.

Kitufe kikikataa kushika, msikifunge kwa kamba wala kukikandamiza kwa kijiti: huko ni kumziba macho mlinzi. Fungeni gesi, fungueni madirisha, mkamwite fundi. Tena kumbukeni, mlinzi huyu hautambui moshi wa sumu usio na harufu. Kwa hiyo chumba chenye moto sharti kiwe na tundu la kupitisha hewa.