Stima Ikipotea, Kompyuta ya Kikundi Itafanyaje?

Vikundi vingi sasa vimeacha daftari na kuweka hesabu za akiba na mikopo ndani ya kompyuta. Ni vizuri. Lakini stima ikikatika mweka hazina akiwa katikati ya kuandika, faili yaweza kuharibika, na michango ya mwaka mzima ikabaki kutegemea kumbukumbu za watu. Hapo ndipo ugomvi huanza.

Wengine husema, si Garissa tuna mtambo mkubwa wa jua tangu 2019? Tunao, wa megawati 50 na zaidi, lakini umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Gridi ikianguka, kama ilivyoanguka nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nasi tuko gizani.

Basi kabla ya kuuliza bei, jiulizeni: mnataka betri ya kuzima kompyuta salama, au ya kuendelea na kazi? Vikundi vingi hununua ya kwanza vikidhani ni ya pili.

Ya kwanza ni ile mashine ndogo inayoitwa UPS. Ya VA 650 huwa na betri moja ya volti 12, ampea 7. Zidisha, unapata 84. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula kama wati 120. Kwa karatasi ni dakika 40, lakini betri ndogo ikikamuliwa kwa haraka hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Hesabuni dakika 10 hadi 15. Zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Hiyo 650 nayo si wati. Wati zake huwa 360 au karibu na hapo, someni mgongoni. Printa ya leza msiichomeke hapo kabisa, huvuta stima nyingi kwa ghafla.

Kuendelea na kazi kunataka betri ya sola pamoja na inveta. Betri ya risasi ya volti 12, ampea 100, ni 1,200 kwa hesabu ile ile. Tumieni nusu tu, maana kuimaliza kabisa ni kuiua. Inveta nayo hula kidogo, kwa hiyo mnabaki na kama 500: kompyuta ya mezani itaenda saa 4 hivi, laptopu ya wati 40 saa 12.

Mnaona tofauti? Kwa maoni yetu, kikundi chenye pesa kidogo kinunue laptopu iliyotumika, yenye betri nzuri, na UPS kiisahau. Hata betri ya laptopu iliyochoka ikibaki na saa moja, inaishinda ile mashine.

Betri ya gari je? Ni rahisi, ndiyo, lakini imetengenezwa kupiga stata, si kukamuliwa kila siku. Mtainunua tena mapema. Za lithiamu ni ghali zaidi, ila hudumu miaka mingi na huruhusu kutumiwa hata asilimia 80. Hakikisheni chaja inafaa aina hiyo.

Sasa adui wetu wa huku: joto. Betri ya risasi hupenda nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, maisha yake hupungua karibu nusu, na chini ya mabati ya Garissa au Wajir 35 ni kawaida. Iwekeni chini, upande usiopigwa na jua, mahali penye hewa. Msiifungie ndani ya sanduku. Ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Kama ni ya kuongezwa maji, maji ya kisima yetu yana chumvi na yataiharibu. Nunueni maji ya betri ya chupa, na muwe macho msije mkauziwa asidi.

Siku ya kununua waende watu wawili, na kompyuta yenyewe waibebe. Ichomekeni, muuzaji achomoe waya ukutani, mhesabu dakika kwa saa. Ulizeni betri imekaa dukani muda gani, kwa sababu iliyokaa mwaka bila chaji imeshaanza kufa. Garanti iandikwe kwenye risiti.

Ya kujadili kikundini:
Kompyuta yetu inakula wati ngapi?
Stima ikipotea kwetu hukaa muda gani?
Hesabu zetu zimenakiliwa mahali pengine, na nani anazitunza?