MBIO ZA SAKAFUNI: SOMO LA KUGAWA NGUVU MILIMANI KWA BAISKELI
Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikuwaletea kisa cha sungura na fisi. Nimewaletea somo, nalo nimelilipia kwa jasho na kwa aibu. Tegeni masikio.

Likizo ya Desemba mwaka juzi, mimi na mdogo wangu wa miaka 13 tulikwenda Kabarnet kumjulia hali nyanya. Baiskeli zetu zilipanda juu ya matatu. Kurudi nyumbani Iten tuliamua kuendesha wenyewe. Anayeijua njia hiyo ataniunga mkono: unateremka kutoka Kabarnet hadi daraja la Chebloch kwenye Mto Kerio, unakata bonde lenye joto la tanuri hadi Biretwo, kisha unaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, unapita Tambach, ndipo utokeze Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Biretwo hadi Iten ni kupanda zaidi ya mita 1,000, hakuna mchezo.

Pale Biretwo nilimwambia ndugu yangu, "Wewe fuata pole pole. Mimi dakika 40 tu niko Iten." Nikachomoka kama mshale. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, huyooo! Kabla ya Tambach miguu iligoma. Kichwa kilizunguka, maji yalikuwa yamekwisha, nikajilaza chini ya mgunga. Mdogo wangu alinikuta hapo. Mtoto wa watu akanipa maji yake yote, akaendelea peke yake hadi Tambach kutafuta msaada, jua linatua. Nilibebwa nyumbani kwa pikapu ya maembe.

Baba hakunichapa. Alisema neno moja tu: "Hutampeleka mwenzako barabara hiyo tena mpaka unieleze kwa nini ulishindwa. Usiniambie ulichoka. Kila mtu huchoka." Swali hilo lilinikosesha usingizi.

NGUVU NI NINI?

Nilianzia kwa mwalimu wetu wa Fizikia. Yeye hufundisha kwa Kiingereza, mimi nitajaribu kueleza kwa Kiswahili. Kani ni msukumo au mvuto, na hupimwa kwa nyutoni. Kazi ni kani mara umbali, nayo hupimwa kwa jouli. Nguvu ni kazi inayofanywa kwa kila sekunde, na kizio chake ni wati. Wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde.

Tupige hesabu. Mimi nina kilo 58. Baiskeli, maji na mfuko ni kilo 14. Jumla kilo 72. Uzito huo ni 72 × 9.8, yaani nyutoni 705.6. Kuuinua mita 1,000 ni kazi ya jouli 705,600. Nilijigamba nitatumia dakika 40, ambazo ni sekunde 2,400. Gawa: 705,600 kwa 2,400 ni wati 294. Hizo ni za kushindana na mvutano wa ardhi tu. Bado upepo na msuguano wa tairi hazijadai haki yao.

Je, wati 294 nilikuwa nazo? Hapo ndipo kilipoingia kipima nguvu.

KIPIMA NGUVU HUFANYAJE KAZI?

Mjomba wangu hutengeneza baiskeli Eldoret. Dukani mwake ana baiskeli moja ya mashindano yenye kipima nguvu, aliyoachiwa na mgeni aliyekuja kufanya mazoezi huku kwetu. Kifaa cha namna hii kilianza kuuzwa na mhandisi Mjerumani, Ulrich Schoberer, aliyeanzisha kampuni yake ya SRM mwaka 1986. Siku hizi vipo vinavyofungwa kwenye mkono wa pedali, ndani ya pedali yenyewe, au kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma.

Siri yake ni rahisi. Ndani ya chuma kumebandikwa waya mwembamba sana. Ukikanyaga pedali, chuma hujipinda kidogo mno, hata jicho haliwezi kuona. Waya nao huvutika, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kifaa husoma badiliko hilo na kujua umekanyaga kwa kani gani. Kisha huhesabu pedali zinazunguka mara ngapi kwa dakika. Kani ya kuzungusha mara kasi ya mzunguko ni nguvu. Jibu linaonekana kwenye kioo kidogo juu ya usukani.

Tahadhari moja: joto na baridi hukibadilisha chuma. Kifaa kilichowekwa sifuri kwenye baridi ya Iten asubuhi kinaweza kudanganya huko bondeni mchana. Kwa hivyo, kirudishe sifuri kabla ya safari, na tena hewa inapobadilika sana.

KUJUA KIWANGO CHAKO

Mjomba aliniambia niendeshe dakika 20 kwa bidii yote, lakini kwa mwendo mmoja, si kukurupuka na kufa. Wastani wangu ulikuwa wati 210. Waendeshaji wengi huchukua asilimia 95 ya hesabu hiyo kuwa kiwango cha saa moja, yaani nguvu ambayo mtu anaweza kuishikilia kwa takriban saa nzima. Kwangu ni wati 200 hivi.

Jamani, mmeona? Nilikuwa na mfuko wa 200, nikaenda sokoni kununua kitu cha 294! Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwili una akiba mbili za kuni. Mafuta ni mengi, lakini huwaka taratibu. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kidogo, na kwa kazi ngumu inaweza kwisha kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyochoma sukari zaidi. Tena ukipita kiwango chako, pumzi haitoshi, na miguu huwaka moto. Isitoshe, mwili hugeuza robo hivi tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Zinazobaki ni joto. Zile jouli 705,600 zinahitaji chakula cha kalori 670 hivi, na mimi siku ile nilikuwa nimekunywa chai ya mkandaa na kipande cha mkate!

SHERIA ZA KUGAWA NGUVU

Kwanza, mwanzo wa mlima ujizuie. Miguu ikiwa mipya, wati 300 huonekana kama mchezo. Hapo ndipo macho yawe kwenye kioo. Kwa mlima mrefu katika safari ya saa nyingi, mimi hushika asilimia 80 ya kiwango changu, yaani wati 160.

Pili, wastani usikudanganye. Ukienda nusu ya muda kwa wati 100 na nusu kwa 300, kioo kitasema wastani ni 200. Lakini miguu haijui wastani. Itakudai zile 300.

Tatu, tumia giya nyepesi mapema. Giya nzito kwenye kona kali hukulazimisha kupita kiwango hata kama hutaki, kwa sababu ukipunguza utaanguka.

Nne, mlimani ongeza kidogo, mteremkoni punguza. Sababu ni upepo. Nguvu ya kuushinda upepo hukua kwa kasi ya kutisha: ukitaka mwendo mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara nane. Kwa hivyo, kukanyaga kwa fujo kwenye mteremko ni kumwaga maji mchangani. Huko pumzika, kunywa, kula ndizi, shika breki kwa akili.

Tano, kifaa si Mungu. Hakihisi joto la bonde wala kiu. Wati 160 za Iten asubuhi si sawa na wati 160 za Biretwo saa sita mchana. Moyo ukipiga kuliko kawaida, punguza, hata kioo kiseme nini.

Hata mabingwa hufuata njia hii. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Alijulikana sana kwa kuinamisha kichwa akitazama kipimo chake mlimani. Wapinzani wakichomoka, yeye mara nyingi alishika mwendo wake, akawapata mbele.

NA ASIYE NA KIFAA?

Najua mtauliza, "Na sisi wenye baiskeli za kubebea maziwa?" Msife moyo. Chukua ramani ya Jiografia, tazama mistari ya kontua, upate urefu wa mlima. Pima uzito wako na wa baiskeli. Chukua saa. Hesabu ni ile ile niliyofanya hapo juu, na itakupa makadirio mazuri ikiwa mlima ni mkali. Ukiwa njiani, tumia kipimo cha mdomo: taja methali nzima kwa sauti. Ukiweza kuimaliza bila kukata pumzi, uko salama. Ukiishia "Haba na haba...", punguza!

Nilimweleza baba haya yote kwa chaki kwenye mlango wa ghala. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hivyo wati 160 utachukua muda gani?" Nikamwambia tukitoa moja ya kumi kwa upepo na msuguano zinabaki 144, basi kila mita 1,000 ni dakika 82 hivi. Akasema, "Nendeni."

Aprili mwaka jana tulirudia njia ile. Tulitoka Kabarnet alfajiri kulikwepa jua. Kuanzia Biretwo nilitangulia kwa wati 160, mdogo wangu nyuma yangu, na kila baada ya kona tatu nilimwambia ataje methali. Alipokwama, nilipunguza hadi 140. Pale kwenye ule mgunga hakuna aliyesema kitu. Tulisimama Tambach tukanywa maji, tukaendelea. Kutoka Biretwo hadi Iten tulitumia saa 1 na dakika 50 pamoja na mapumziko. Baba alikuwa amesimama kando ya barabara. Hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama mdogo wangu, akaona bado anacheka.

Wenzangu, mlima na mtihani wa taifa ni ndugu. Kuna wanaokesha wiki ya kwanza ya muhula na kuzimika katikati. Jua kiwango chako, ukigawe mpaka mwisho, na umwangalie uliye naye safarini. Wasalaam.