Bwaki na Orodha ya Msaada



Somo letu la leo ni juu ya bwaki. Wengi tumeshamuona mtoto wa namna hii: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, analialia na hataki kucheza. Mashavu yamejaa, na jirani anasema amenona. Hapana, ni maji. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Wengine husema amerogwa, na siku zinapotea.

Idjwi ina samaki. Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huvuliwa usiku kwa taa. Lakini mara nyingi wanapelekwa wote sokoni, mtoto anabaki na bugali ya muhogo tupu. Tunajua sababu: chumvi na sabuni zinahitaji pesa. Tunaomba tu kiganja kimoja kibaki, kikaushwe, kitwangwe, kitiwe katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha.

Mtoto aongeleshwe pia na aimbiwe, maana ubongo hukua haraka zaidi miaka hii ya kwanza, hata kama familia inalala darasani.

Sasa viongozi. Kisiwa kilipokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, kisha waliokimbia vita vya karibuni. Orodha ya msaada ikiwataja wageni peke yao, mama mwenyeji mwenye mtoto wa bwaki atanung'unika, na Mbuti asiye na shamba hatatajwa kabisa. Kabla ya kuandika majina, pimeni mikono na miguu ya watoto wote, mbele ya watu wote.