Mizizi Ndiyo Shahidi: Sumu ya Madini katika Mashamba ya Karagwe na Kyerwa

Mvua za vuli zikikaribia, na wakulima wa Karagwe na Kyerwa wakiwa wameshika majembe kuandaa mashamba ya maharage na kupalilia vibanja vya migomba na kahawa, yafaa tulizungumze jambo ambalo aghalabu halitajwi hadi mavuno yamekwisha kupungua, nalo ni dhiki iletwayo na madini mazito katika mimea: shaba, zinki, manganizi, risasi, kadimi na arseniki.

Sababu za kulitazama jambo hili tunazo. Katika vilima vya Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, bati limechimbwa tangu zama za utawala wa Waingereza, na hata leo wachimbaji wadogo huponda mawe na kuyaosha kwa maji yateremkayo kuelekea mabonde yanayolimwa. Bati lenyewe haliudhuru sana mmea, kwa kuwa haliyeyuki kwa wepesi. Ila mawe yanayolibeba huenda yakawa na arseniki ndani yake, na matope hayachagui la kubeba na la kuacha. Huko Kilimanjaro, ambako mibuni ya arabika imepuliziwa dawa za shaba miongo mingi kuzuia kutu ya majani na chule buni, wataalamu wamekuta shaba imejilimbikiza katika udongo wa juu. Robusta yetu huyastahimili zaidi maradhi hayo, basi tusiirithi desturi ya kupulizia mrututu, yaani dawa ya shaba, pasipo haja. Na kibanja, ambacho tangu kale hupokea majivu na maganda ya jikoni, siku hizi hutupiwa pia betri za tochi na redio, zenye zinki na manganizi, na hata za magari, zenye risasi. Hili la betri lanisikitisha kuliko yote, kwani hakuna linalolilazimisha.

Jani lililoelemewa na shaba au zinki hugeuka manjano lingali changa, mishipa yake ikibaki kijani, kwa sababu madini hayo huuzuia mmea kupata chuma. Ilhali njaa ya nitrojeni huanzia majani ya chini yaliyokwisha komaa. Manganizi, ambayo huyeyuka kwa wingi pH ya udongo ikishuka chini ya 5.5, hutia vidoa vya kahawia katika majani makuukuu ya maharage na kuyakunja machanga. Lakini ushahidi wa jani huja umechelewa, tena una shaka. Hata vyombo vya kisasa, vipimavyo nuru inayorudishwa na majani kutoka angani, huonyesha kwamba mmea una dhiki, wala havielezi kama ni ya madini, ya ukame au ya njaa. Na mgomba utoao usaha wa manjano ukikatwa una mnyauko wa bakteria; usiusingizie mgodi.

Kwa hiyo itazame mizizi: chimbua mche wa maharage wa wiki tatu pamoja na bonge lake, uuzamishe katika beseni la maji hadi udongo uachie wenyewe bila kuvutwa, kisha uutandaze juu ya kitambaa cheupe kando ya mche uliotoka mahali pasipo shaka. Mizizi yenye afya ni myeupe, mirefu, yenye vijizizi vingi vyembamba; iliyodhurika kwa shaba ni mifupi, minene, ya kahawia, yenye ncha butu na matawi haba. Alumini ya udongo mchachu huleta umbo lililo karibu na hilo, ndiyo maana hutazamwa pia sura ya eneo: dhiki ifuatayo mkondo wa maji, ukingo wa shimo la zamani au jalala, ina ithibati kubwa ya kuwa ya madini mazito kuliko iliyotapakaa shamba zima. Asiye na maharage bondeni na ajaze makopo mawili, moja udongo wa mashaka na jingine udongo safi, apande mbegu zilezile na kulinganisha.

Lililo zito zaidi ni kwamba risasi na kadimi zaweza kumdhuru mlaji ilhali mmea umestawi, hauna doa. Hapo jicho halitoshi, ni maabara tu. Chukua udongo wa kina cha sentimeta 20 kutoka mahali kumi au zaidi, uuchanganye katika ndoo ya plastiki, wala si ya bati, kwani hiyo imepakwa zinki nayo itaingia katika hesabu. Na majani ya kahawa, yakipelekwa nayo kupimwa, yachumwe kabla ya kupuliziwa mrututu. Afisa ugani atakuelekeza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, au maabara za udongo za TARI Mlingano na Chuo Kikuu cha Sokoine, nawe utaje wazi kwamba wataka kipimo cha madini mazito, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakiyagusi yote. Shaba katika majani makavu huwa kwa kawaida miligramu 5 hadi 20 kwa kilo. Ikizidi 30, pana jambo.

Msikimbilie chokaa kabla ya majibu, kwa kuwa hutuliza shaba, zinki, risasi na manganizi, bali arseniki huenda ikaiachilia zaidi. Wakati wa kusubiri, mchicha na mboga nyingine za majani, ambazo hukusanya kadimi kuliko ndizi na nafaka, zihamishiwe mbali na matope ya machimbo, na betri zote zilizomo kibanjani ziokotwe kabla mvua haijanyesha.