Sindano ya Ganzi kwa Mwenye Presha

Hapa kwetu Mpui wapo wanaovumilia jino bovu kwa kuogopa kuwa sindano ya ganzi itasimamisha moyo. Wengine huficha presha yao ili wang'olewe upesi. Wote wanakosea.

Dawa ya ganzi itumikayo zaidi ni lignokaini. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo, ambayo hubana mishipa ili ganzi idumu na damu isitoke sana. Adrenalini hiyo ikiingia ndani ya mshipa, moyo huweza kwenda mbio kwa dakika chache. Ndiyo maana tabibu huvuta kwanza bomba la sindano aone kama kuna damu, kisha husukuma dawa polepole. Kwa mgonjwa wa moyo, adrenalini haizidishwi miligramu 0.04, yaani takriban vichupa 2 vya mililita 1.8. Na maumivu yasiyotulizwa nayo huufanya mwili utoe adrenalini yake wenyewe.

Basi usiache dawa zako za presha siku hiyo. Taja maradhi yako na dawa zote unazotumia, na upimwe presha kabla ya sindano. Ikifika 180/110, jino lisilo la dharura husubiri.

Mwili ni amana. Kumficha tabibu maradhi ni kuihini amana hiyo.