Simu ya Dharura Nyumbani: Je, Iko Tayari?

Mwezi huu tunazungumzia kifaa ambacho wengi wetu hatukihesabu kati ya vifaa vya afya: simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi. Familia nyingine huiweka kabatini kwa ajili ya dharura tu. Ni jambo jema. Lakini simu ya dharura isiyotunzwa ni kama mtungi mtupu: waujia una kiu, na maji hamna.

Tuchukue mfano. Mama amejifungua nyumbani usiku wa manane, na damu haikatiki. Baba amesafiri na simu yake. Binti wa miaka 12 anafungua kabati, anaibonyeza ile simu ndogo, haiwaki. Damu nyingi baada ya kujifungua yaweza kumwua mama katika muda wa saa mbili. Kila dakika ya kutafuta chaja kwa jirani inapunguza nafasi yake ya kupona.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba kina mama hufariki kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Simu iliyo tayari husaidia hasa katika mambo mawili ya kwanza.

Tufanye nini basi?

1. Tuwe na siku ya kuichaji. Betri hupungua nguvu hata simu ikiwa imezimwa. Tuchague siku moja ya juma, kwa mfano Jumamosi jioni. Tusiiache juani wala karibu na jiko, maana joto huharibu betri.

2. Tuitunze laini. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Kila mwezi tupige simu moja fupi, na tuhakikishe kuna salio.

3. Tuandike namba kwenye karatasi na kuibandika ukutani: zahanati, jirani mwenye gari au bodaboda, na ndugu wa karibu. Hapa Tanzania, 115 ni namba ya bure ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutafutwa dereva wa eneo hilo aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, na familia hailipi nauli. Polisi ni 112, zimamoto 114.

4. Tuwafundishe watoto. Mtoto ajue kutaja kijiji, kitongoji na alama ya karibu, kama vile shule au kanisa, nani anaumwa, na ameonekana na dalili gani. Asikate simu mpaka aambiwe.

5. Simu ikae mahali pamoja panapojulikana na wote. Isigeuzwe redio wala tochi ya kila usiku.

Tukumbuke pia kwamba simu haichukui nafasi ya mkunga. Mama mjamzito ajifungulie kituoni, na mipango ya safari ifanywe mapema.

Maswali ya kujadili katika familia: Je, simu yetu inawaka sasa hivi? Baba na mama wasipokuwepo, nani ataitumia?

Tahadhari kabla ya hatari. Leo jioni, kabla hatujalala, tufungue kabati na kuijaribu.